Kalunguta Iko Kushoto

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, na mashahidi ni wengi. Nawataja mapema ili kesho mtu asije akasema hakuwepo. Wadogo zangu wawili, Kavira na Paluku. Président Kakule, mkuu wa kikundi chetu cha wamotari, sisi waendesha pikipiki wa kazi, ndani ya koti lake la misa. Mwalimu Léon, mtu wa Kasai aliyetumwa kufundisha hapa Butembo, mwenye kipaza sauti. Kasereka, ambaye nitamsema baadaye. Wamotari wengine saba (kila mmoja ana simu, na kila simu ina kamera). Watu waliotoka misa ya pili, waliojipanga juu ya matofali kama njiwa. Na Mama Kyakimwa wa Kalunguta, ambaye hakualikwa na mtu.

Huyo nilimleta mimi. Ndiyo aibu yenyewe.

Kwa wasionijua: naitwa Masika. Kwetu ni jina la binti wa kwanza, na ukiwa binti wa kwanza jina linageuka kazi. Mama alitangulia, baba akamfuata, nikabaki na Kavira, Paluku na moto ya baba, yaani pikipiki yake. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Niliweka madaftari juu ya kabati, nikachukua ufunguo wa moto. Tangu siku ile nabeba viazi kutoka Masereka mpaka soko la Butembo, na viazi vikipungua nabeba watu. Madaftari bado yako juu ya kabati. Sijayashusha, ila nayapangusa vumbi.

Wadogo zangu wamekua. Kavira anajifunza uuguzi, Paluku yuko mwaka wa mwisho. Siku moja walinikalisha kwenye kiti, wakafunga mlango, wakanisomea mashtaka kama mahakimu. Kwamba sicheki. Kwamba hata nikilala naota viazi. Kavira akamaliza hivi (yaya kwetu ni dada mkubwa): «Yaya, tafuta kitu kimoja tu cha kwako. Kisiwe viazi.»

Nikatafuta, nikapata mashindano ya moto. (Kavira alitegemea kwaya.)

Msifikirie mashindano ya kwenye televisheni. Ni sisi wamotari wa kazi, siku ya Mungu baada ya misa, na moto zile zile za kubebea watu na mizigo. Tunaanzia kwenye tanuri la matofali, tunapita kati ya migomba, tunakata barabara, tunafuata mikaratusi, tunapanda mlima mwekundu unaoitwa Sali-Kwanza, halafu tunashuka mpaka kwenye tanuri tena. Mzunguko mmoja. Wa kwanza anapewa kabichi. (Kabichi naileta mimi kutoka Masereka, kwa hiyo hata ningeshinda ningekuwa nimejizawadia mwenyewe.)

Nami sishindani ili nishinde, nawaapia. Ninachopenda ni zile dakika kumi na mbili ambazo mgongoni kwangu hakuna gunia, hakuna mtu, hakuna anayeniuliza tutakula nini. Upepo tu. Juma zima naziwaza dakika hizo.

Shida ni Sali-Kwanza. Mara mbili nimeshindwa kuupanda. Moto yangu nimeifunga kwa ajili ya viazi: springi za nyuma nimeziongezea vyuma, tairi nimelipiga upepo mpaka limekuwa jiwe. Ikiwa na magunia mawili inapanda popote kama mbuzi. Ikiwa tupu, kwenye matope gurudumu la nyuma linacheza ndombolo. Mara ya kwanza nilirudi chini kinyumenyume. Mara ya pili nilirudi chini bila moto, moto ikaja baadaye.

Na Président Kakule ana kanuni: usipofika kwenye mstari mara tatu, unaacha kushindana mpaka mwaka uishe, unashika bendera. Leo ilikuwa mara yangu ya tatu. Na asubuhi mvua ilinyesha.

Sasa mnajua nilikuwa na nini cha kupoteza. Wengine wangepoteza kabichi. Mimi ningepoteza zile dakika kumi na mbili, nisimame pale na kitambaa kwenye mti nikiwaangalia wengine wakizila.

Tulipojipanga kwenye mstari, Kasereka akaleta moto yake karibu na yangu. Kasereka ni kijana mzuri, ana moto nyepesi mpya, na ana mdomo. Akaniambia: «Yaya Masika, bendera inakungoja. Mti wake ni mwepesi, hautakuchosha.»

Nikavaa casque, kofia yangu ngumu, nikawasha moto. Mtu aliyelea watoto wawili anajua kuchagua ugomvi.

Bendera ikashuka, tukaondoka tisa. Kwenye migomba nilikuwa wa saba. Nikampita mmoja aliyeogopa jani. Tulipokata barabara nilikuwa wa sita, upepo usoni, matope mpaka magotini, na nawaambia kweli, nilikuwa naimba. Naimba peke yangu ndani ya casque, wimbo wa misa, lakini kwa mwendo wa dansi. (Padri akisoma hapa anisamehe.) Kasereka alikuwa nyuma yangu, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba leo, hata mlima ukinikataa, nitakuwa nimefurahi kwanza.

Ndipo kwenye mikaratusi nikamwona mama amesimama pembeni ya njia. Liputa mpya ya samawati, kitenge cha kujifunga, kitambaa kichwani, bidon ya njano, dumu la lita tano, miguuni. Akainua mkono.

Jamani. Ninyi mnaofanya kazi hii mnaujua ule mkono. Kiganja kinaangalia chini, vidole vinapepea mara mbili. Miaka kumi na miwili mkono ule ndio umelipa karo, ndio umenunua sare, ndio umeleta unga nyumbani. Mguu wangu ukakanyaga breki kabla kichwa hakijaulizwa maoni yake. Nikasimama mbele yake sawasawa, mguu chini, kama niko parking.

«Mama, wapi?»

«Kalunguta.»

«Panda, mama.»

Nilisema panda. Katikati ya mashindano, na watu watatu nyuma yangu. Mdomo huu huu.

Akapanda upande upande, kwa heshima, bidon mapajani, akaniambia hapana kumupitisha mu matope sababu liputa ni mupya. Na wakati huo huo Kasereka akatupita kwa kishindo, akapiga dimbwi katikati, na matope yote ya Butembo yakahamia kwenye ile liputa. Wawili waliobaki nao wakapita. Ndipo akili ikarudi. Nilikuwa kwenye mashindano, wa mwisho, na nina mteja.

Mtaniuliza kwa nini sikumshusha. Swali zuri. Baba aliniachia moto, na pamoja na moto aliniachia sheria moja. Alikuwa akisema: «Mutu akisha kukaa, ni wako mpaka ku mulango yake.» Sijawahi kuivunja. Nimewahi kumfikisha mlevi nyumbani kwake mara mbili jioni moja, sababu mara ya kwanza alikosea nyumba. Basi siwezi kumwacha mama wa watu chini ya mikaratusi eti nina haraka ya kwenda kupotea mlimani.

Nikaona afadhali nimwambie ukweli.

«Mama, unisamehe. Niko mu course, mu mashindano.»

Alikuwa anaangalia liputa yake. Halafu akaangalia mbele, kule Kasereka alikokuwa anapotelea.

«Ule mutoto amenirushia matope, na hata hasalimie?»

«Ndiyo, mama.»

«Fuata ule.»

Nikafuata. Mnaelewa, ni mteja ndiye aliyeagiza.

Wateja wangu wote, tangu nianze kazi, huniambia polepole. Mama Kyakimwa (jina alinipa njiani, pamoja na la mume wake, watoto wake saba na ugonjwa wa mbuzi wao) hakuniambia polepole hata mara moja. Alinieleza kwamba anatoka kwenye ubatizo wa mjukuu wake, kwa wakwe, na kwamba bidon ni kasikisi, pombe ya ndizi ambayo wakwe wamemtuma ampelekee mumewe. Zawadi ya wakwe. Kisha akaniuliza kwa nini moto za wengine zinalia kuliko yangu, kama yangu ni mgonjwa.

Tukafika chini ya Sali-Kwanza, na pale palikuwa na msiba. Mvua ilikuwa imeugeuza mlima kuwa sabuni. Watu wawili walikuwa wamekwisha kuvuka juu, nilisikia moto zao zikishuka upande wa pili. Wengine sita walikuwa mlimani kila mmoja na matatizo yake. Mmoja amelala. Mmoja anasukuma. Mmoja anatafuta kiatu. Wawili wameshikana moto na wanagombana nani alimgonga nani. Na katikati kabisa, Kasereka na moto yake nyepesi mpya, gurudumu linazunguka kama kinu, moto yenyewe haiendi popote.

Nikasimama sekunde moja. Nikamwambia mama ashikilie vizuri.

Akasema: «Ngoja.» Akashuka, akaikunja liputa, akapanda tena kiume, mguu huku mguu kule, bidon katikati yetu kama mtoto. Akanishika mabega.

«Endesha. Miye ni gunia mbili, siwezi peperuka.»

Jamani, gunia mbili! Sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Nilikuwa nimeogopa mlima kwa ajili ya moto tupu, na moto yangu haikuwa tupu. Nikaingiza gia ya kwanza, nikatia gesi kidogo kidogo kama ninavyofanya nikitoka Masereka asubuhi, na springi zikashuka zikakaa, tairi likauma udongo. Halikucheza hata kidogo. Moto ikaanza kupanda kwa sauti yake ile ya viazi, taratibu, haina haraka na haina wasiwasi.

Tukampita aliyelala. Tukampita anayesukuma, na anayetafuta kiatu. Wale wawili wakaacha kugombana ili watuangalie. Na tulipofika usawa wa Kasereka, amezama mpaka kwenye soksi, Mama Kyakimwa akageuka, akainamisha kichwa kwa adabu zote za mtu mzima, akamwambia:

«Pole na kazi, mutoto yangu.»

Ningeweza kufa pale pale na nisidai kitu.

Juu ya mlima upepo ukatupokea. Nikapiga kelele. Mama naye akapiga kelele, ile ya harusini. Mimi mwenyewe, ambaye mara mbili mlima ule ulinirudisha kama barua isiyo na anwani, nilikuwa juu yake, na naona Butembo yote chini, mabati yanang'aa kwa jua la baada ya mvua. Nilicheka mpaka casque ikaingia ukungu.

Kwenye mteremko kuna njia panda. Kulia ni tanuri la matofali, kushoto unatoka kwenye barabara kubwa ya kwenda Beni. Nikakunja kulia.

Sauti ikatoka nyuma, ya upole sana:

«Kalunguta iko kushoto.»

«Najua, mama. Tunapitia mahali.»

Akaikaza bidon mgongoni mwangu, vile mteja anavyofanya akiwa anaandaa maneno.

Sasa msikilize sehemu mbaya. Kwenye tanuri watu wote walikuwa wanaangalia kona. Wawili wa kwanza walikuwa wamekwisha kufika. Mwalimu Léon ana kawaida ya kutangaza kama yuko uwanja mkubwa wa Kinshasa. Nikamsikia kwa mbali akitaja namba yangu, saba: «Na wa tatu ni... numéro sept! Masika!» Wadogo zangu wakaruka. Halafu kipaza sauti kikasita. «Attention. Numéro sept iko na mutu nyuma. Je répète. Iko na mutu.»

Nikavuka mstari. Nikavuka! Wa tatu kati ya tisa, mimi niliyeandaliwa bendera. Parokia nzima imeinua mikono lakini haijaamua kama ipige makofi. Kimya. Na katika kimya kile, mbele ya Président, mbele ya mwalimu, mbele ya simu zote, mazoea yangu yakanisaliti mara ya pili. Nikaweka mguu chini, nikageuza kichwa, nikasema kwa sauti yangu ya kazi:

«Mama, tumefika.»

Mama Kyakimwa akashuka. Akaikunjua liputa yake yenye matope. Akaangalia tanuri. Akaangalia matofali na watu walio juu yake. Akamwangalia Président Kakule kutoka kofia mpaka viatu.

«Kalunguta imegeuka sana,» akasema.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Watu walianguka. Nasema walianguka, wengine kutoka juu ya matofali. Mwalimu Léon alicheka ndani ya kipaza sauti mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Kavira, mtu anayejifunza kutunza wagonjwa, alikuwa amekaa chini anashika mbavu, na Paluku alikuwa analia huku anapiga video bila kutikisika. (Mkono wake utakuwa mzuri kwa upasuaji. Nimemwambia.)

Président peke yake hakucheka. Alikuja na daftari lake la kanuni, koti limefungwa vifungo vyote, anataka kufungua uchunguzi. Mama, kwa heshima, akaweka bidon chini mbele yake ili amsalimie kwa mikono miwili.

Mnaijua kasikisi? Ni kitu kilicho hai. Hata ikitulia inapumua. Hii ilikuwa imepigwa na mikaratusi, na Sali-Kwanza, na mteremko, katikati ya migongo ya watu wawili. Kifuniko kikasema tuf, kikaondoka, sijui kimetua parokia gani. Pombe ikaruka juu kama chemchemi, ikashuka juu ya Président, koti, daftari na kanuni zote.

Akabaki amesimama anatiririka. Akaramba mdomo wa juu. Akafikiri.

«Ni ya wapi hii?» akauliza.

«Ya bakwe yangu,» akasema mama.

«Ni muzuri.»

Wakati huo Kasereka akafika, anasukuma moto kwa mkono, akaanza kulalamika kabla hajasimama. Kwamba haihesabiki, kwamba nilibebwa na mzigo, kwamba kila ambaye angepakia mama wa watu angepanda. Nilijiandaa kuchukua bendera. Kweli nilijiandaa, nilikuwa nimeshavua gloves. Kwa sababu, tuambiane ukweli, kijana alikuwa na hoja.

Président akafungua daftari, kurasa zimeshikana, akalisoma huku linatoa matone. Alisoma polepole kama anasoma injili.

«Kanuni inasema motari afike na moto yake. Hapana mahali imesema afike peke yake.» Akalifunga. «Wa tatu, Masika. Abaki mu mashindano.»

Hapo ndipo makofi yakaja. Wadogo zangu wakanibeba juu, mimi niliyewabeba wao. Wanibebe na wao kidogo, nilisema moyoni. Aliyeshinda akachukua kabichi yake, akaiangalia, akampa Mama Kyakimwa kwa mikono miwili, akisema leo hakuna aliyekimbia kuliko yeye. Na Kasereka, mpeni sifa yake, alikuja akaomba msamaha wa liputa. Mama akamjibu kwamba amesamehe, ila ataifua yeye mwenyewe, kwa mkono, hapana kumupa dada yake. Ameondoka nayo. Mama amevaa yangu.

Ingeishia hapo ningekuwa malkia. Lakini nilipowasha moto ili nimpeleke Kalunguta, mnyororo ukakatika. Ulikuwa umevumilia mlima, haukuvumilia sherehe. Leo siku ya Mungu, maduka ya vipuri yamefungwa. Nikasema nimtafutie motari mwingine. Wanane walijitolea. Akawakataa wote wanane.

«Ulinibeba weye,» akaniambia. «Hauyanifikisha bado.»

Sheria ya baba, kutoka mdomo wa mtu ambaye hakumjua baba. Nikasukuma moto mpaka nyumbani, yeye kando yangu.

Basi yuko hapa. Amekaa kwenye kitanda changu, Kavira anamkanda mabega, kabichi iko motoni na nyumba nzima inanukia. Paluku amempigia simu mumewe, naye baba wa watu ameuliza swali moja tu: bidon iko salama? Paluku, aliyesoma mpaka mwaka wa mwisho, akasema simu haina chaji, akakata.

Kwa maana bidon imebaki robo. Na Mama Kyakimwa amenieleza kwa utaratibu, alipokuwa anachambua kabichi, kwamba zawadi ya wakwe inafika imejaa au haifiki. Ikifika robo, mumewe atasema aliinywa njiani na motari. Ya kununua sokoni haifai, ataijua kwa kunusa. Lazima ipikwe. Ndizi zifukiwe shimoni mpaka ziive, zikamuliwe, zilale. Na lazima nifanye kwa mikono yangu mimi niliyemwaga. Amesema atanifundisha. Amesema pia, bila kuniangalia, kwamba dimanche ijayo, siku ya mashindano, hana shughuli.

Video imekwisha kufika Beni. Binamu yangu wa Oicha amepiga simu anauliza kama nafanya safari za mlimani kwa familia nzima. Wa Kalunguta wenyewe wanaandika kwamba bado wanasubiri.

Chekeni basi, nimewaruhusu, leo nilikuwa wa tatu. Ila mwenye mkungu wa ndizi za pombe anisaidie: nadaiwa bidon moja iliyojaa mpaka shingoni, na nadaiwa Kalunguta, ambayo hata sasa, kila nikipita mbele ya mlango wa chumba changu, naambiwa iko kushoto.